Sherehe ya Kwanza: Funzo Kutoka Juba

Tarehe 9 Julai 2011, Jamhuri ya Sudan Kusini ilizaliwa mjini Juba, katika uwanja wenye kaburi la Dakta John Garang. Serikali changa ilikuwa ikiandaa sherehe ya dola kwa mara ya kwanza. Walifika Rais Kibaki wa Kenya na Rais Museveni wa Uganda. Alifika pia Rais Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye majeshi yake yalipigana na wenyeji hao hadi mkataba wa amani wa mwaka 2005. Askari waliotoka msituni walitakiwa sasa kumlinda kama mgeni wa heshima. Kosa moja lingetia doa siku ya uhuru.

Kwa hiyo walijifunga kibwebwe. Siku chache kabla ya sherehe gwaride lilirudiwa, na wimbo mpya wa taifa ukafanyiwa mazoezi.

Ndugu askari, huenda nawe ukakabidhiwa mkutano au sherehe yako ya kwanza. Anza na saa ya ufunguzi, kisha uhesabu kurudi nyuma: mgeni afike lini, barabara ifungwe lini, mlinzi ashike zamu lini. Kila kazi iwe na msimamizi mmoja. Jua halichagui cheo; maji, kivuli na tabibu viwe tayari. Hatimaye ratiba yote ijaribiwe papo hapo uwanjani, kwani mipango si matumizi, na ratiba isiyojaribiwa haimwokoi kamanda siku ya shughuli.