Nani Anampangia Mshahara Rais wa Chuo?

Februari 1997, Bodi ya Regents, inayosimamia elimu katika jimbo la New York, iliwaondoa kwa mpigo wadhamini 18 kati ya 19 wa Chuo Kikuu cha Adelphi, chuo binafsi kilichopo Garden City. Rais wa chuo hicho, Peter Diamandopoulos, alikuwa akilipwa zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka huku wanafunzi wakipungua na ada ikipanda. Chuo kilikuwa kimemnunulia hata makazi Manhattan kwa zaidi ya dola milioni moja.

Wadhamini walimwachia kwa sababu gani? Mmoja wao alikuwa na kampuni ya bima na mwingine kampuni ya matangazo, na zote mbili zilipata kazi chuoni. Msimamizi anayekula meza moja na anayesimamiwa hawezi kumuuliza maswali magumu.

Wengi hudhani kwamba chuo kisicho cha faida hakiwezi kumtajirisha mtu. Ukweli ni kwamba sheria ya Marekani inakataza kugawana ziada, lakini mshahara unaostahili huhesabiwa kuwa gharama ya uendeshaji. Kwa hiyo fedha zikitoka, hutokea kwenye mishahara, marupurupu, zabuni na ajira za ndugu. Jambo hili linamhusu kila mlipa kodi, kwa kuwa chuo kimesamehewa kodi na wanaokichangia hupata nafuu ya kodi.

Tangu 1996, kiongozi anayelipwa kupita kiasi kinachostahili hutozwa asilimia 25 ya kile kilichozidi, na asilimia 200 asipokirudisha. Makali hayo yana kinga yake. Malipo yakiidhinishwa na wajumbe wasio na maslahi, yakalinganishwa na ya vyuo vya aina hiyo, na uamuzi ukaandikwa, basi serikali ndiyo itakayobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba yamezidi. Ulinganisho huo ndio unaonitia shaka zaidi. Hakuna bodi inayopenda kukiri kwamba rais wake ni wa chini ya wastani, hivyo kila mmoja akiongezwa, wastani wenyewe hupanda na mwenzake naye hudai nyongeza. Mwaka 2017 Bunge la Marekani liliongeza kodi ya asilimia 21 kwa malipo yanayozidi dola milioni moja, lakini anayeilipa ni chuo, wala haimgusi rais mwenyewe.

Undugu ni mgumu zaidi kuupima. Chuo Kikuu cha Oral Roberts, mjini Tulsa, kilianzishwa 1963 na mhubiri Oral Roberts, na mwaka 1993 urais ukaenda kwa mwanawe Richard. Mwaka 2007 waliokuwa wahadhiri walimshtaki wakidai fedha za chuo zilitumika kwa anasa za familia. Richard alikanusha, lakini Novemba mwaka huo akajiuzulu, akaacha chuo kikiwa na deni la zaidi ya dola milioni 50. Familia ya Green, wenye maduka ya Hobby Lobby, ilikiokoa kwa dola milioni 70, na uongozi wa bodi ukasukwa upya.

Simlaumu kila mwenye ndugu kazini. Katika mji mdogo, kumwajiri profesa na mkewe ni jambo la kawaida. Ninachouliza ni kama nafasi ilitangazwa, na kama anayempima mfanyakazi huyo kazini si baba yake.

Majibu mengi yamo katika Fomu 990 ya mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo vyuo vingi visivyo vya faida huijaza kila mwaka na kila mtu ana haki ya kuiona. Kiambatisho J kinaonyesha malipo ya viongozi, na kina visanduku vya kuweka alama kama chuo kinalipia posho ya nyumba, safari za daraja la kwanza, au mtumishi wa nyumbani, dereva na mpishi. Kiambatisho L huorodhesha ndugu wa viongozi waliolipwa zaidi ya dola 10,000, uhusiano wao na kiasi walichopata. Sehemu ya VI ya fomu yenyewe inauliza kama wajumbe wa bodi wana undugu au biashara baina yao.

Mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye mwanawe amepata nafasi katika chuo cha namna hii anaweza kuisoma fomu hiyo bure kwenye tovuti ya ProPublica, shirika la habari la Marekani. Aisome kabla ya kutuma ada, na aanze na Kiambatisho L.