Saa za Kazi na Haki ya Mzazi katika Njia Panda ya Nyakanazi

Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo, ni mji uliozaliwa na barabara, kwani hapo hukutana njia itokayo Kahama, njia iendayo Kigoma kwa kupitia Kakonko na Kibondo, na njia ya kwendea Biharamulo, Bukoba, Ngara na mpakani Rusumo. Kwa sababu hiyo kazi nyingi za mji huo hazifuati jua wala kengele, bali hufuata malori. Lori lililopakia bandarini Dar es Salaam hufika saa lifikapo, na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 kusafiri usiku kucha, abiria nao hushuka wakati wowote wakitaka chai, supu na mahali pa kulala. Mwenye kuhudumu katika kituo cha mafuta, nyumba ya wageni au meza ya mama lishe hana budi kuwapo. Na akiwa na mtoto mchanga, mtoto naye huwapo, amelazwa juu ya kanga nyuma ya gunia la mkaa, au amebaki nyumbani na dada yake wa darasa la tatu, ambaye asubuhi atasinzia mbele ya mwalimu.

Je, mfanyakazi mwenye watoto hutendewa sawa na mwenziwe asiye nao katika habari ya saa za kazi? Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kazi ya kawaida haipasi kuzidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma, na ni marufuku kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia. Mama hupewa likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hawezi kulazimishwa kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi katika miezi miwili baada ya kujifungua. Na anyonyeshaye hupewa hadi saa mbili kila siku za kumnyonyesha mwanawe. Ni maneno mema. Lakini sheria huona kitendo, ilhali dhana iliyomo moyoni mwa mwajiri haiioni, na hiyo dhana ndiyo ambayo wataalamu wamejaribu kuipima.

Mwaka 2007 Shelley Correll na wenzake wawili, huko Marekani, walichapisha jaribio ambalo ndani yake watu walipewa maombi ya kazi ya waombaji wa kubuni, wenye elimu na uzoefu uliolingana, isipokuwa baadhi yao walidokezwa kuwa ni wazazi. Mama alihesabiwa kuwa na uwezo mdogo na moyo mdogo wa kazi, akapendekezewa mshahara wa chini. Baba hakupata hasara yoyote. Maombi kama hayo yalipopelekwa kwa waajiri wa kweli, wanawake wasio na watoto waliitwa zaidi ya mara mbili kuliko akina mama. Denmark nako, nchi yenye sifa ya kuwajali wazazi, Henrik Kleven na wenzake walipofuata kumbukumbu za serikali za miaka mingi waliona kwamba kipato cha mwanamke hushuka baada ya mtoto wa kwanza, na hata baada ya miaka mingi hubaki pungufu kwa takriban asilimia 20, ilhali cha baba huendelea kana kwamba nyumbani hakukuzaliwa mtu.

Sababu yake imefafanuliwa vyema, kwa maoni yangu, na Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2023. Yeye anaonyesha kwamba ziko kazi zinazomlipa maradufu aliye tayari kuitwa saa yoyote, na katika kazi hizo mmoja wa wazazi, aghalabu mama, hulazimika kujitoa ili nyumba isibaki tupu. Kinyume chake ni kazi ya mfamasia wa Marekani, ambaye dawa zake na kumbukumbu za wagonjwa wake ziko wazi kwa mfamasia mwenziwe, hata mmoja akiondoka mwingine hushika nafasi pasipo mteja kudhurika. Humo tofauti ya malipo ya saa baina ya wanaume na wanawake ni ndogo mno. Basi kinachoumiza si wingi wa saa peke yake, bali ni saa zisizotabirika na zisizoweza kukabidhiwa kwa mwingine. Maduka ya nguo ya Gap huko Marekani yalipojaribu, mwaka 2015 na 2016, kuwapa wahudumu ratiba zisizobadilika ovyo, mauzo yalipanda kwa asilimia 7; dai la kwamba ratiba thabiti ni hasara kwa tajiri halina ithibati hapo.

Ni insafu pia kumsikiliza kijana asiye na mtoto anayepangiwa zamu zote za usiku na za sikukuu kwa hoja kwamba hana anayemngoja nyumbani. Ana haki ya kulalamika, maana sheria ile ile inayotaja majukumu ya familia imetaja na hali ya ndoa. Tajiri mwenye watumishi wachache akimpunguzia mmoja kwa kumtwisha mwingine, hajatenda haki, amehamisha mzigo tu.

Lakini mama lishe wa Nyakanazi hana mwajiri wa kumshtaki, na wengi wao ni wahamiaji walioacha nyanya na shangazi za watoto mbali. Kwake yeye ushahidi wa karibu zaidi watoka Korogocho, Nairobi, ambako akina mama walipewa vocha za kupunguziwa ada ya kituo cha kulea watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliopewa vocha walizidi wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia katika kupata kazi. Na akina mama wasio na waume walihamia kazi zenye saa za kueleweka zaidi, bila kupungukiwa na kipato. Kituo cha namna hiyo karibu na stendi ya Nyakanazi, kikifunguliwa kwa saa zinazofuata mabasi badala ya saa za ofisi, ningekihesabu kuwa miongoni mwa mambo ya kwanza ya kutengewa fedha katika wilaya ile.

Baba naye asisahauliwe. Sheria yetu humpa siku 3, nazo sharti zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, ambapo Kenya hutoa majuma mawili. Dereva aliyeajiriwa, aliye njiani kati ya Kigali na Dar es Salaam, safari ya kilomita elfu moja na mia kadhaa, akingoja mizani, forodha na kushusha shehena, aweza kuzikosa zote kabla hajafika nyumbani, na hakuna kifungu kinachomrudishia.