Nyoka wa Haicheng: Kufundisha Habari za Wanyama na Tetemeko la Ardhi

Mwalimu afundishaye somo la tetemeko la ardhi hana budi kulitazamia swali hili: Je, ni kweli kwamba wanyama hulijua tetemeko kabla halijafika? Swali hili lisidharauliwe, wala lisijibiwe kwa haraka.

Kisa kifaacho kuanzia ni cha Haicheng, mji ulioko kaskazini-mashariki mwa China. Katika majira ya baridi ya mwaka 1974 kuingia 1975, watu waliona nyoka wakitoka mashimoni, wakati ambapo iliwapasa kuwa wamelala usingizi wao mrefu, wakafa kwa baridi juu ya ardhi. Tarehe 4 Februari 1975 watu wengi walitolewa majumbani, na jioni ile ile tetemeko lenye ukubwa wa 7.3 likaupiga mji. Wanafunzi hukipenda sana kisa hiki, na hapo ndipo penye mtego. Kilichowasukuma wakuu kuwatoa watu hasa ni mitikisiko midogo iliyozidi kuongezeka kabla ya ule mkubwa, wala si nyoka. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 28 Julai 1976, mji wa Tangshan katika nchi ile ile ulibomolewa bila wakazi kuonywa. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu zaidi ya 240,000. Visa hivi visitenganishwe. Mwalimu akisimulia cha kwanza peke yake, atakuwa amewafundisha watoto kumngoja mbwa abweke ndipo wakimbie.

Liko jambo moja ambalo sayansi hulieleza vizuri. Tetemeko hutoa mawimbi ya namna mbili. La kwanza ni dhaifu, nalo huenda yapata kilomita 6 kwa sekunde; la pili huenda kama kilomita 3.5, na ndilo liangushalo nyumba. Mnyama huweza kulihisi la kwanza hali sisi hatujalihisi. Wanafunzi wapige hesabu wenyewe: mahali palipo kilomita 100 kutoka kwenye chanzo, mawimbi hayo hupishana kwa sekunde 12 hivi. Ni sekunde, si siku.

Habari za siku nyingi kabla ni ngumu zaidi. Mwaka 2009, watafiti waliokuwa wakihesabu vyura katika ziwa moja nchini Italia waliona madume 96 katika kila 100 wametoweka siku tano kabla ya tetemeko la L'Aquila, umbali wa kilomita 74. Tukio moja halitoshi kuwa kanuni, lakini thamani yake ni kwamba hesabu iliandikwa kabla. Habari nyingi nyingine hukumbukwa baadaye. Jogoo awikaye saa isiyo yake husahauliwa kabla jua halijatua, isipokuwa nyumba ikianguka.

Katika mkoa wa Kagera, uliokumbwa na tetemeko tarehe 10 Septemba 2016, mwanafunzi huenda akaja na kisa cha nyumbani kwao. Asikilizwe kwa heshima. Kisha darasa lifungue daftari, na kwa mwezi mzima waandike kila siku vituko vya kuku, mbuzi na mbwa wa jirani, pamoja na saa. Mwisho wa mwezi wavihesabu, na mwalimu aulize: kama ardhi ingetikisika jana, ni kipi kati ya hivi ambacho tungekisimulia leo?