Jongoo Mbele ya Lenzi

Mvua ikishanyesha Kisauni, Mombasa, jongoo weusi wenye miguu myekundu hutoka chini ya majani na kutambaa uani, njiani, hata ukutani. Watoto huwachokoa kwa kijiti wapate kuwaona wakijikunja, wakubwa huwafagia. Kwa anayeanza kujifunza kupiga picha za vitu vidogo, hakuna mwalimu bora kuliko huyu. Haruki kama nzi, hakimbii kama mjusi, wala haumi.

Simu uliyo nayo, pamoja na lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera yake, inatosha kuanzia. Katika picha za mwanzo kichwa kitatokea vizuri, lakini mwili wa nyuma utakuwa ukungu mtupu. Simu haina kasoro. Kadiri lenzi inavyokikaribia kitu, ndivyo sehemu inayoonekana kwa ukali inavyozidi kuwa nyembamba, pengine isifike hata milimita chache. Hapo pumzi yako tu huweza kuivuruga picha. Basi mpige ubavuni, simu ikiwa sambamba na mwili wake. Egemeza viwiko chini, zuia pumzi, piga picha nyingi uchague moja. Wahi asubuhi, kwa sababu jua kali la saa sita humeremeta kwenye gamba lake na kuficha yote.

Picha ikitulia, tazama miguu. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili. Jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi za mwili wake, na miguu hiyo husogea kwa mawimbi kutoka nyuma kwenda mbele. Kisha tazama kinywa: kimeumbwa kwa kutafuna majani makavu na yaliyooza.

Kinywa hicho kilisaidia kufufua ardhi ya Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kilichimba mwamba wa matumbawe ya kale na kuacha uwanja wa mawe matupu, usio na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kuupanda miti. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, mojawapo ikiwa mti wa mvinje. Mizizi ya mvinje huishi na bakteria wanaochukua naitrojeni hewani, kwa hiyo uliweza kumea pasipo na rutuba. Lakini majani yake membamba yana tanini nyingi, na bakteria wa kuozesha hawakuyaweza. Yakaanguka, yakakauka, yakarundikana.

Haller alimwona jongoo wa miguu myekundu akiyala majani hayo hayo. Akawaleta jongoo kwa mamia na kuwaachia machimboni. Wao wakayasaga majani, na bakteria wakakimaliza kinyesi chao, kikawa mboji. Juu ya mboji hiyo miti mingine ikaota, ndege na wanyama wakafuata. Leo mahali hapo ni Haller Park, panapotembelewa na wanafunzi na watalii.

Ugunduzi huo haukuanzia kwenye mashine ya gharama. Ulianzia kwa mtu aliyeinama akatazama nani anakula nini. Kupiga picha za karibu hutufundisha tabia hiyo hiyo, nayo inafaa Likoni chini ya miembe na Changamwe nyuma ya nyumba kama ilivyofaa Bamburi.

Kwa hiyo, usichome majani yote unayofagia. Acha rundo moja kivulini, penye unyevu, na umwachie jongoo kazi yake. Ukimpiga picha, andika tarehe na mahali, kwani picha yenye kumbukumbu humfaa hata mtafiti. Ukimshika, nawa mikono kabla ya kugusa macho, maana hutoa majimaji yanayowasha. Kisha mwonyeshe mtoto picha hiyo, umweleze kwamba mdudu huyu hututengenezea udongo.