Una pasipoti mbili? Sare hii huenda isikutoshe

Ukikulia Kiganjo, sare si ndoto ya mbali. Chuo cha polisi kiko hapa hapa, na ukipanda matatu hadi Nanyuki utaikuta kambi ya wanahewa ya Laikipia. Lakini nyumba nyingi huku pia zina mtu majuu, na watu wa majuu hutuma karatasi za uraia.

Basi ukiwa na uraia wa kule, utachukuliwa kazi? Inategemea sare gani. Kifungu cha 16 cha Katiba kinakuruhusu kuwa raia wa nchi mbili. Halafu Kifungu cha 78 kinawanyima ruhusa hiyo maafisa wa dola na wanajeshi wote wa KDF. Konstebo si afisa wa dola. Inspekta Jenerali ndiye. Yaani katazo hilo linamfunga hata kuruti wa chini kabisa jeshini, lakini konstebo halimtaji. Ajabu, sivyo? (Grinikadi si uraia, kwa hivyo tulia.)

Kuna mwanya kwa aliyefanywa raia na sheria ya nchi nyingine bila uwezo wa kujitoa. Hapo nawafikiria vijana wa Nanyuki waliozaliwa na wanajeshi wa Uingereza wanaokuja mazoezini. Sheria ya Uingereza, kwa kawaida, humpa uraia mtoto aliyezaliwa kuanzia Julai 1, 2006 hata kama wazazi hawakuoana, bora ithibitishwe nani baba. Kijana wa 2007 sasa ametimiza umri wa KDF. Uraia hakuuomba, lakini akiwa mtu mzima anaweza kuukana. Je, huo ndio uwezo wa kujitoa? Mawakili wanaweza kubishana mpaka usiku. Mimi naona ni uonevu kumfungia lango kwa sababu ya baba ambaye pengine hata hamjui.

Mwende Mwinzi, mzaliwa wa Marekani, alipoteuliwa balozi Korea Kusini mwaka 2019, wabunge walitaka aukane uraia wa Marekani kwanza. Alienda kortini, na baadaye akafika Seoul. Kuruti atatoa wapi pesa za wakili?

Kwa hivyo kama unataka KDF, amua kabla ya kula kiapo cha nchi nyingine. Na usifiche. Sheria ya Uraia ya 2011 inakupa miezi mitatu kutangaza uraia wa pili. Ukinyamaza, ni faini hadi Sh5 milioni, jela hadi miaka 3, ama vyote viwili.