Klaudi Si Nakala ya Akiba

Wenye agroveti wa Kitale na Bungoma hawachoki kuuliza: tuhamie mfumo upi wa klaudi ili hesabu zetu zisipotee? Swali limekosewa tangu mwanzo, maana klaudi si nakala ya akiba. Karani akifuta orodha ya wadeni kimakosa, seva iliyo mbali hutii mara moja, na orodha inatoweka kwenye kaunta na kwenye simu ya mwenye duka kwa pamoja. Mtasema huduma nyingi hutunza vilivyofutwa. Hutunza kwa muda, mara nyingi siku chache au mwezi. Ilhali mkulima aliyechukua mbegu na mbolea ya DAP kwa mkopo mwezi wa Machi mtamdai baada ya mavuno, Novemba, na hapo ndipo mtakapogundua deni lake halimo. Tena, akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya fundi aliyekwisha kuhama iko mikononi mwa fundi huyo, na ada ya mwezi isipolipwa, daftari hufungwa mteja akiwa amesimama mbele yenu.

Wanaopigia debe klaudi husema kompyuta ya dukani haiwezi kubeba biashara inayokua. Pigeni hesabu. Mauzo 200 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, ni mistari 60,000. Ukurasa mmoja wa Excel hubeba mistari 1,048,576, yaani miaka 17 ya kuuza. Programu ndogo inayotumia SQLite, ambayo huweka kila kitu katika faili moja, haitahisi mzigo huo, wala haitajali intaneti ikizorota kama ilivyozorota Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Kutuma ankara za kodi KRA kupitia mfumo wa eTIMS kunahitaji mtandao, ni kweli, lakini hiyo ni kazi nyingine na si sababu ya kuhamisha daftari zima. Na wanaowashauri mnunue seva yenu wenyewe waulizwe: nani ataisasisha, na nani atakuja stima ikirudi usiku na diski imegoma?

Mfumo mkubwa una wakati wake. Kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza rekodi za wagonjwa mwaka 2001 kwa Microsoft Access. Ni pale AMPATH, mpango wa afya uliofanya kazi kituoni hapo pia, ilipolazimika kufuatilia wagonjwa wa HIV katika vituo vingi vya magharibi mwa Kenya ndipo ilipoingia kwenye kazi ya kuunda OpenMRS, mfumo mkubwa wa rekodi za wagonjwa, kuanzia 2004. Basi, kwa duka moja, bakini na faili la ndani. Linakilini kila jioni kwenye flashi mbili kwa zamu, zifungwe kwa neno la siri, na moja ilale nyumbani, kwa kuwa mwizi wa kompyuta hubeba na kilichochomekwa. Kila mwezi fungueni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, mtafute deni la mteja mmoja. Mkiwa na tawi Kitale na jingine Bungoma yanayouza kutoka stoo moja, lipieni klaudi, akaunti iwe kwa jina na namba ya mwenye biashara, na muuzaji awatolee data yote kwa faili la Excel mkiona kwa macho. Akishindwa, msitie sahihi.