LUGHA YA UJANANI NA AKILI YA UZEENI: FUNZO KUTOKA UTAFITI WA WATAWA

Mzee anaposahau majina ya wajukuu wake, jamaa husema amerudia utoto. Na pengine, kwa bahati mbaya, hutajwa uchawi. Waganga huiita hali hiyo dimensia, yaani kupungua kwa akili kutokana na maradhi ya ubongo, na ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo chake kikubwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uchunguzi wa maradhi hayo ulivyoingia katika uwanja wetu wa isimu.

Mwaka 1986, David Snowdon alianzisha katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, utafiti juu ya watawa wa shirika la School Sisters of Notre Dame. Masista 678, wenye umri wa miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa akili mara kwa mara, na ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Walifaa kwa kuwa maisha yao yalifanana sana: makao, chakula, hata kazi, kwani wengi walikuwa walimu.

Hazina kubwa ilikuwa katika nyaraka za shirika. Kabla ya kuweka nadhiri, wakiwa na wastani wa miaka 22, masista wengi walikuwa wameandika tawasifu fupi. Snowdon, akisaidiana na Susan Kemper, mtaalamu wa lugha na uzee, alichambua tawasifu 93. Walihesabu mawazo yaliyomo katika kila maneno 10. Na wazo hapa ni jambo linaloarifiwa kwa kitenzi, kivumishi au kielezi, au uhusiano unaounganisha kauli. Matokeo yalitolewa mwaka 1996. Miongoni mwa masista 14 waliokwisha kufariki, wote waliothibitishwa kuwa na Alzheimer walikuwa wameandika kwa mawazo machache ujanani. Wasiokuwa nayo, hata mmoja hakuandika hivyo.

Je, tuseme uandishi hafifu huleta maradhi? La. Huenda uandishi ni dalili tu ya ubongo uliojengeka vizuri tangu utotoni, au maradhi yenyewe huanza mapema kuliko tudhanivyo. Tena sista mmoja alifariki akiwa na miaka 101, akili yake ikiwa timamu, ingawa ubongo wake ulijaa alama za Alzheimer. Alama si hukumu.

Kwetu sisi kuna swali la ziada. Kipimo hicho kilitungwa kwa Kiingereza. Chukua neno la Kiswahili *hatukuwasikiliza*: lina nafsi mbili, wakati, ukanushi na tendo, nalo ni neno moja, Kifaransa hulieleza kwa maneno sita: *nous ne les avons pas écoutés*. Basi hesabu ya mawazo kwa maneno 10 haiwezi kuhamishwa kutoka lugha hadi lugha bila kusahihishwa.

Jambo hili si mchezo wa wanaisimu. Bibi anayepimwa kwa lugha asiyoizoea, au kwa kipimo kilichotafsiriwa tu, aweza kuitwa mgonjwa ilhali ni mzima, au mgonjwa wa kweli asitambuliwe. Mganga hawezi kuitengeneza mizani hiyo peke yake. Kuichambua sentensi ya Kiswahili ni kazi yetu, na wazee wetu wanaingoja.